Jibu: Kufundisha kushona kidonda kwa mbali

Salamu daktari. Nimekuelewa: wanafunzi wanakufuata vizuri kwenye Zoom, lakini wakishona wenyewe fundo linalegea na huoni kosa liko wapi.

Anza na kamera, yao si yako. Simu ikiwekwa mbele ya uso utaambulia paji tu. Wailaze juu ya rundo la vitabu, ichomoze ukingoni, kamera ya nyuma ikitazama mikono. Hapo angalia kwanza sindano: koleo la kushikia sindano liishike theluthi mbili kutoka nchani, na iingie kwenye ngozi wima, digrii 90. Wengi huiingiza mshazari, kingo za kidonda zinajikunja ndani. Fundo likiteleza, mara nyingi mzunguko wa pili wa uzi umepita upande uleule wa kwanza, ugeuzwe.

Kwa mazoezi, ngozi ya paja la kuku inafaa kuliko ndizi, ambayo hupasuka ovyo. Mtandao ukisumbua, watume video ya dakika moja kwa WhatsApp, mikono tu, nawe ujibu kwa sauti. Binafsi hunasa makosa mengi zaidi hivyo, maana narudisha nyuma nitakavyo. Ila kupapasa tumbo la mgonjwa kumchunguza sifundishi kwa mbali kabisa. Hilo lisubiri wodini.