Estonia: kura ya mtandaoni iliyopigwa kwa shuruti hubadilishwa

Je, aliyelazimishwa na mume au bosi wake kupiga kura mtandaoni mbele ya macho yao amefungwa na kura hiyo? Hapana. Estonia inamruhusu kurudia akiwa peke yake, mara nyingi atakavyo, ndani ya siku za kura ya mapema. Inayohesabiwa ni ya mwisho tu. Akienda kituoni kupiga ya karatasi, ile ya mtandaoni inafutwa, na tangu 2021 anaweza kufanya hivyo hata siku yenyewe ya uchaguzi. Hii imo kwenye sheria yao ya uchaguzi, na kwangu ndiyo sehemu bora kuliko zote za mfumo ule, maana anayenunua kura hana uhakika amenunua nini.

Mfumo unajua ipi ni ya mwisho kwa sababu kila kura husimbwa (hufichwa kwa msimbo isisomeke) kisha husainiwa kidijitali, kwa mfano kwa kitambulisho cha taifa chenye chipu. Kabla ya kuhesabu, sahihi huondolewa ndipo kura ifunguliwe, kama bahasha ndani ya bahasha.

Ila kurudia kura hakumsaidii aliyenyang'anywa kitambulisho na namba zake za siri mpaka uchaguzi uishe na ambaye hawezi kufika kituoni. Kompyuta yenye virusi ni hatari nyingine kabisa: kwa hiyo, tangu 2013 mpiga kura anaweza kuskani msimbo wa QR kwa simu, muda mfupi baada ya kupiga, aone kura iliyofika ni ile aliyoichagua. Tatizo ni kwamba wengi hawakagui.