Maswali na Majibu: Ala ya Bastola ya Kifuani Inaniumiza Bega

SWALI: Hutembea porini na milimani siku nzima nikiwa na shanta zito mgongoni. Kwa kuwa mkanda wa kiunoni wa shanta huziba mahali pa kubebea bastola, nilinunua ala ya kifuani ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya bastola yangu. Ninatumia mkono wa kulia, na mkanda wa ala unapita bega la kushoto. Baada ya saa chache bega hilo huanza kuwaka, na ninapoteremka mlima ala huyumba na kunigonga mbavuni. Muuzaji amenishauri niibadilishe kwa ala laini ya nailoni yenye sponji, inayoingia bastola za aina zote, na kwa sasa nilegeze skrubu inayobana bastola ili itoke kwa wepesi. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, usiilegeze skrubu hiyo, na usiiuze ala uliyo nayo kabla hujaijaribu kwa namna nitakayoeleza. Malalamiko yako ndiyo ninayoletewa na karibu kila mtu anayekuja kwangu na ala ya kifuani mkononi, na ushauri walioupata wengi wao ni huo huo uliopewa wewe. Mtu husema bega linamuuma, muuzaji humjibu kwamba ala ni ngumu mno, na wote wawili hukubaliana kwamba dawa ni kitu laini zaidi. Kosa linaanzia hapo. Plastiki ngumu ya ala yako hailigusi bega hata kidogo. Kinacholiumiza ni mkanda, nao unaumiza kwa sababu umetwishwa kazi ambayo haikuwa yake.

Uzito wenyewe si wa kupuuzwa. Bastola ya ukubwa wa kawaida ikiwa na magazini iliyojaa hukaribia kilo 1, na rivolva nyingi (bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka) za .44 Magnum, yaani za risasi kubwa yenye nguvu, ambazo watu huzichagua kwa kuhofia wanyama wakubwa, huvuka kilo 1.2 kabla hata hazijatiwa risasi. Mzigo huo ukining'inia kwenye mkanda mmoja unaopita kati ya shingo na bega, msuli wa hapo utachoka hata ukiwekewa sponji ya unene wowote, kwa maana sponji hutawanya mgandamizo tu, haipunguzi uzito wala haizuii kuyumba. Na kinachochosha zaidi ni kule kuyumba: kila hatua ya kuteremka huitupa bastola mbele, nalo bega hulazimika kuidaka upya. Jambo hili linajulikana tangu zamani. Katika Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilitumia ala ya M3, iliyobebwa na mkanda mmoja wa begani. Toleo lililofuata, M7, liliongezewa mkanda wa kuzunguka kifua, na ala nzuri za kifuani za leo hufuata wazo hilo hilo.

Kwa hiyo anza na mkanda wa mbavuni, yaani huo unaozunguka kifua. Mkanda wa begani huamua ala ikae juu au chini, na mkanda wa mbavuni huilaza mwilini isitikisike. Wengi huuacha huu wa pili ukiwa umelegea kwa kuogopa kubanwa pumzi, kisha huukaza ule wa begani ili kufidia, na matokeo yake ni hayo uliyoyaeleza. Fanya marekebisho ukiwa nyumbani, bastola ikiwa tupu, chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) ukiwa umeikagua kwa macho na kwa kidole, na risasi zote zikiwa chumba kingine. Vaa nguo utakazovaa safarini, pamoja na koti ikiwa utaivaa ala juu ya koti. Legeza mikanda yote, iweke ala mahali unapoitaka, vuta pumzi hadi mwisho, na ukiwa umeizuia pumzi hiyo kaza mkanda wa mbavuni mpaka ulale mwilini pande zote. Ukishatoa pumzi, vidole viwili viweze kupita chini yake bila kusukumwa. Mkanda wa begani ukazwe mwisho, kwa kiasi cha kuizuia ala isishuke, basi. Kisha beba shanta likiwa na mzigo wake halisi na urudie ukaguzi wote, kwa sababu ala iliyokaa vizuri bila shanta hubadilika kabisa shanta likiwa mgongoni.

Shanta ndilo ninalolishuku zaidi katika hali yako. Ala huvaliwa kwanza na shanta juu yake, ili utakapolitua wakati wa kupumzika bastola isibaki nalo chini. Utaratibu huo ni sahihi, lakini una gharama yake: mkanda wa ala hulaliwa na mkanda wa shanta, na bizimu ya ala ikiangukia juu ya mtulinga au juu ya mfupa wa bega nyuma, itachimba hapo hapo kutwa nzima. Maumivu ya kuwaka yanayokaa sehemu moja ndogo kwa kawaida hutoka kwenye bizimu au kwenye mkanda uliojikunja. Isogeze bizimu hadi mahali ambapo pedi ya shanta haifiki, nyoosha mkanda ulale bapa, na uhakikishe kwamba mkanda mdogo wa kifuani wa shanta hauupandi mpini wa bastola wala hauzibi njia ya mkono. Bega likiendelea kuuma baada ya hayo, tafuta mikanda inayopita mabega yote mawili kwa ala hiyo hiyo, ikiwa mtengenezaji anaiuza.

Kuhusu mahali pa kukaa ala, sitachukua muda mrefu. Kwa watu wengi inafaa chini kidogo ya katikati ya kidari, mpini ukielekea mkono utakaouchomoa, na kiwiko kisilazimike kunyanyuka juu ya bega. Ikikaa juu mno kifundo cha mkono hupinda, na ikikaa chini mno hugongana na mkanda wa kiunoni na kulichoma tumbo unapoketi. Mwenye kifua kikubwa, hasa mwanamke, aishushe hadi kwenye mbavu za chini badala ya kuilazimisha ikae juu. Ila jitazame kwenye kioo na uone mtutu unaelekea wapi. Kwa mtu wa mkono wa kulia utaelekea nyonga au mkono wake wa kushoto, na katika ala zinazolaza bastola mlalo kabisa utamwelekea mwenzake anayetembea upande huo. Ala za mlalo siwashauri watu wanaotembea kwa vikundi. Na katika ala ya namna yoyote, mkono wa kushoto ulale bapa kifuani wakati wa kuchomoa na wakati wa kurudisha, usikatize kamwe mbele ya mtutu.

Sasa nije kwenye ushauri wa muuzaji. Dhana kwamba starehe ni ulaini imeenea kiasi kwamba watu hununua ala kwa kuibonyeza dukani kwa kidole gumba, na ikibonyea huridhika. Kwangu mimi, ala inayobonyea penye kifyatulio imeshakosa sifa ya kwanza ya ala. Bastola nyingi za leo, kwa mfano za Glock, hazina sefti ya kusukuma kwa kidole. Kifyatulio chake hufyatuka kwa mvuto wa kama kilo 2.5, na kinacholinda kifyatulio hicho mwilini mwako kutwa nzima ni ukuta wa ala. Ukuta huo ukiwa wa nailoni laini na sponji, pedi ya shanta, tawi la mti, hata ukingo wa mwamba unaoulalia ukipanda unaweza kuukandamiza kwa ndani. Kadhalika, ala inayodaiwa kuingia bastola za aina zote haikutengenezwa kwa umbo la bastola yoyote. Bastola huzunguka ndani yake, hushuka ikipanda, mpini hubadilika mahali, na mchezo huo wa ndani ndio unaoleta yale yale mayumbo uliyotaka kuyakimbia. Utakuwa umelipa mara mbili ili upate ala inayoyumba zaidi na kulinda kidogo zaidi.

Skrubu ile nayo ipo kwa ajili ya kuibana bastola unapoinama kunywa maji mtoni, unapofunga kamba za viatu, unapojikwaa na kuanguka kifudifudi. Inapolegezwa mpaka bastola itoke yenyewe kwa wepesi, siku moja itatoka wakati ambao hukuiita. Ikiwa unahisi bastola ni nzito kuchomoka, kwanza hakikisha kwamba unavuta kwa kufuata mwelekeo wa ala; watu wengi huvuta kwa kuipinda pembeni, kisha huilaumu skrubu. Ukihitaji kuilegeza, ilegeze robo mzunguko kwa wakati mmoja na upime kila mara kwa njia hii: bastola tupu ndani ya ala, iinamishe juu ya kitanda mpini ukiangalia chini, uitikise kwa nguvu. Ikianguka, umezidisha.

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ushauri wa njia za mkato hauishii kwenye skrubu. Nimeletewa ala zilizokatwa kwa kisu penye kifyatulio ili kidole kifike upesi, ala zilizoshonewa velkro kwenye mkanda wa shanta, ala zilizoondolewa kifungo cha juu kwa madai kwamba kinachelewesha, na ala zilizofinyangwa nyumbani kwa hewa ya moto mpaka plastiki ikakunjamana ndani na kugusa kifyatulio. Walioyafanya hayo hawakuwa watu wazembe. Waliambiwa na mtu waliyemwamini, ambaye mara nyingi alikuwa na kitu cha kuuza au sifa ya kutafuta, kwamba wataalamu wote hufanya hivyo. Fundi yeyote wa ala anayejua kazi yake hawezi kukuambia ukiache kifyatulio wazi. Anayekuambia hivyo hajui anachokisema, hata awe na mavazi ya kijeshi na sauti ya kujiamini namna gani. Kidole hakina haja ya kufika kwenye kifyatulio bastola ikiwa bado ndani ya ala.

Hatari nyingine inayopuuzwa ni kurudisha bastola. Kifuani pana vitu vingi vinavyoning'inia: kamba za koti zenye vishikizo, filimbi, kamba ya dira, mdomo wa mpira wa maji. Kimojawapo kikiingia ndani ya ala pamoja na bastola kinaweza kunasa kwenye kifyatulio na kuivuta. Hakuna sababu ya haraka katika kurudisha. Simama, tazama kwa macho yako ndani ya ala, ondoa kila kinachoning'inia, kisha rudisha polepole kidole kikiwa kimenyooka nje ya pete ya kifyatulio. Wenye rivolva za muundo wa zamani za kukoki nyundo kwa mkono wana la ziada: zisizo na kizuizi cha ndani, kama za Ruger za kabla ya 1973 ambazo hazijafanyiwa marekebisho ya kiwanda, zinaweza kufyatuka nyundo ikigongwa, kwa hiyo nyundo ikae juu ya tundu la silinda lisilo na risasi.

Ngozi ni nzuri na hutulia mwilini kuliko plastiki, na sitamkataza mtu kuitumia ikiwa nene na imefinyangwa kwa umbo la bastola yake. Ajue tu kwamba hunyonya jasho na mvua, kwamba hulegea kadiri miaka inavyopita, na kwamba bastola isihifadhiwe ndani yake kwa sababu unyevu huleta kutu. Plastiki ngumu kama Kydex hainyonyi maji, lakini usiiache kwenye gari lililofungwa juani, kwa kuwa joto kali huibadilisha umbo, na ala iliyopinda haibani tena ilivyokusudiwa.

Kabla ya kwenda porini tena, vaa kila kitu ukiwa na bastola tupu, uchuchumae, uketi, ulale kifudifudi, upande ngazi na kuteremka, uvue shanta na kulibeba tena, kwa muda wa saa nzima. Bega likiuma ndani ya saa hiyo, tafuta ni bizimu gani au mkunjo gani, urekebishe, urudie. Kuchomoa na kurudisha kajifunze mbele ya mkufunzi wa silaha aliyeidhinishwa, na hakikisha kwamba kibali chako na kanuni za hifadhi unayoingia vinakuruhusu kuibeba bastola wazi kifuani, kwa sababu sehemu nyingi zina masharti yake. Na ukienda kununua ala nyingine siku yoyote, mwulize muuzaji maswali mawili: imetengenezwa kwa ajili ya bastola yangu hii hasa, na je, nikiukandamiza ukuta wake penye kifyatulio kwa nguvu zangu zote unabonyea? Akianza kukueleza habari za sponji kabla ya kukujibu, ondoka dukani kwake.