Watakatifu wa zamani walinikatisha tamaa mpaka nilipojua Matia aliishije

Mkuu mleta mada, umeuliza watu wema wa zamani wanatusaidia nini kiroho wakati wewe ukisoma habari zao ndo unazidi kujiona hufai, wao walichomwa moto wakiimba na wewe hata kuamka saa kumi na moja kusali unashindwa. Nimesoma mara mbili nikasema huyu ananiongelea mimi. Ngoja nikujibu kwa kirefu, uvumilie.

Mimi ni Mkatoliki wa Kanda ya Ziwa, nimekulia Misungwi, jina la ubatizo Matia. Miaka yote nilijua ni yule mtume aliyepigiwa kura kuchukua nafasi ya Yuda, mpaka bibi yangu aliponiambia hapana, wewe ni wa Mulumba, wa kwenye mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Bibi alikuwa hasimulii mambo ya moto wala mikuki, yeye alikuwa na kipande kimoja tu. Matia Mulumba walimkata mikono na miguu pale Old Kampala wakamwacha porini afe taratibu, mwisho wa Mei 1886, na baada ya siku mbili tatu watu waliokuwa wanakata matete wakasikia sauti inaomba maji. Wakasogea wakamwona, wakaogopa, wakakimbia. Bibi akifika hapo alikuwa ananyamaza kabisa. Na pale kwake hakuna mtu aliyewahi kuomba maji akaambiwa subiri, hata awe mlevi, hata awe yule jirani waliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba.

Sasa mimi nikiwa kijana hiyo stori ilinitia woga tu, nikaona basi huo ndo utakatifu, mimi siuwezi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi, siku moja bosi akataka nisaini mzigo wa simenti mifuko 400 wakati iliyoshushwa nimeihesabu mwenyewe ni 250. Nikakataa. Hakunifokea wala nini, mkataba ulipoisha haukuongezwa, basi, ikaishia hapo. Nilitegemea kwamba mtu ukifanya haki Mungu anakufungulia mlango wiki ijayo, nikakaa karibu miaka miwili naendesha bodaboda ya mtu, mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, mke wangu hasemi kitu ila naona. Na wenzangu waliokuwa wanasaini wamejenga. Jumuiya nikaacha kwenda, rozari nikaiweka kwenye droo. Sikuwa na hasira na Mungu kusema kweli, nilikuwa nimekauka tu, nikipiga magoti hakuna neno linatoka.

Kilichoniinua ni katekista, yani mwalimu wa dini, wa kigango chetu. Kwetu padre anakuja mara moja kwa mwezi, mvua ikinyesha haji, kwa hiyo huyu mzee ndo kila kitu. Alinikuta kijiweni akakaa kwenye pikipiki akaanza kunielezea habari za wajina wangu, ila yeye hakuanzia kwenye kifo.

Alinielezea hivi. Matia alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto akapelekwa Buganda kama mtumwa, akakua mpaka akapewa cheo kwa chifu wa Ssingo, jimbo mojawapo la Buganda. Alikuwa mtu anayetafuta Mungu, alianza Uislamu, akaenda kusikiliza Waprotestanti, mwisho akaingia kwa wale mapadre wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, akabatizwa Mei 28, 1882, mtu mzima kabisa huyo. Halafu sikiliza hapa, Novemba mwaka huohuo mapadre wakaondoka Buganda! Hata miezi sita haijafika. Wakavuka ziwa wakaja huku kwetu, wakaweka misheni Bukumbi, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Yani huyu mtu hajakaa hata mwaka kwenye imani na tayari hana misa, hana kitubio, hana wa kumuuliza. Na hawakuzima. Yeye na Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, ambaye alikuwa mfinyanzi wa vyungu, waliendelea kufundisha watu kule Mityana, hukohuko Ssingo, na huko mjini akina Yosefu Mukasa na Andrea Kaggwa wakawa wanafanya hivohivo kwa vijana wa ikulu, wanabatiza wanaokaribia kufa. Mapadre waliporudi walikuta kanisa limeongezeka.

Niliposikia hivyo nililia pale kijiweni, mtu mzima mimi. Kwa sababu kufa siku tatu siwezi kujifananisha nako, ila kukaa karibu miaka mitatu mlango umefungwa halafu unaamka unafanya lilelile la jana, hilo nilikuwa nalijua, nilikuwa ndani yake. Ndugu yangu ukisoma habari za hawa watu usianzie siku ya kufa, wewe tafuta ile miaka ambayo hakuna kilichokuwa kinatokea.

Baadae nilibahatika kwenda hija Namugongo, pale walipochomwa wengi wa mashahidi, Juni 3 ambayo ndo sikukuu yao, tukapitia Bukoba na Mutukula, basi limejaa nyimbo. Kanisa letu la pale lina nguzo 22, kila shahidi Mkatoliki na yake, na jirani kuna eneo la Waanglikana ambao wao walipoteza 23, naomba nao tusiwasahau maana baadhi yao walichomwa moto mmoja na wetu. Ila sikukaa sana kwenye umati. Niliulizia nikapelekwa Old Kampala, kuna kanisa la jina lake, nikakaa na chupa yangu ya maji, nikamkumbuka bibi.

Jambo moja bado linanisumbua niliseme kabisa. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yuleyule aliyewaua, alipopinduliwa 1888 alivuka ziwa akatangatanga mpaka akaishia Bukumbi, na mapadre wakampokea wakamhifadhi. Amewaulia watoto wao wa kiroho na bado wanamfungulia mlango. Bukumbi nimepita hapo mara ngapi utotoni naenda mnadani na sikujua.

Yule bosi wangu nimesikia anaumwa, amepooza upande. Mimi sijafika kiwango cha wale mapadre. Novena ya mashahidi huwa tunaianza Mei 25, mwaka jana niliahidi kumwombea siku zote tisa, siku sita za mwanzo jina lake halikutoka mdomoni, siku ya saba nikalitaja.