Kuonja Mvinyo wa Dodoma: Maswali ya Wasomaji

Tuko wanane, wakulima wa zabibu Hombolo. Tunataka kuonja mchuzi wetu, yaani mvinyo tuliouchachusha wenyewe, pamoja kabla ya kuuza. Tuanzeje?

Anzeni kwa kuficha. Mtu mmoja ambaye haonji azifunge chupa kwa magazeti na kuzipa namba za tarakimu tatu, kama 417 au 862. Msitumie 1, 2, 3, maana watu huipendelea namba 1 bila kujijua. Glasi zote ziwe za aina moja, tumbo pana na mdomo mwembamba. Glasi ya kiwango cha kimataifa hujaa mililita 215 hivi, lakini humiminwa 50 tu ili harufu ipate pa kukaa.

Mvinyo mweupe uonjwe kwenye nyuzi 10 hadi 12, mwekundu 16 hadi 18. Vitabu vingi husema mwekundu unywewe "kwa joto la chumba", lakini walioandika hivyo hawakuwa na chumba cha bati mwezi wa Novemba. Kwenye nyuzi 28 pombe inapanda puani na kufunika kila kitu, kwa hiyo ingizeni chupa kwenye friji kabla ya kuonja.

Onjeni asubuhi, bila manukato, sigara wala kahawa. Weupe kwanza, kisha wekundu, mtamu mwisho. Sampuli nane au kumi kwa kikao zinatosha. Temeni kwenye ndoo. Kila mtu aandike kabla yeyote hajafungua mdomo, kwa sababu mwenyekiti akishasema "huu mzuri", mjadala umekwisha. Na mchuzi mmoja upeni namba mbili tofauti. Atakayeupa alama zinazopishana mbali mtajua anabahatisha siku hiyo.

Mchuzi ambao umemaliza kuchachuka juzi utakuwa na ukungu na gesi kidogo. Hilo msilikatie alama, utatulia.

Tanini ndiyo uchungu?

Hapana. Tanini, ambayo hutoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu, ni ukakasi. Tafuna bibo la korosho au ndizi mbichi: ufizi unakauka na ulimi unakuwa kama umepigwa msasa. Uchungu ni ule wa mwarobaini. Mvinyo mwekundu unatakiwa kuwa na ukakasi kiasi, na ukiambatana na nyama ya mbuzi unapungua, kwa sababu tanini hushikana na protini ya nyama badala ya ile ya mate yako.

Nimeona chupa yenye alama 84 na nishani ya fedha. Shuleni 84 si ingekuwa A?

Shuleni kuna sifuri. Kwenye karatasi ya alama ya OIV, shirika la kimataifa la mzabibu na mvinyo, macho yana alama 15, pua 30, mdomo 44, na 11 za jumla. Kila kisanduku kina kiwango cha chini kisichokuwa sifuri, hivyo hata mvinyo mbovu unaanzia 40. Shaba hupatikana kwa 80, fedha kwa 82, dhahabu kwa 85, dhahabu kuu kwa 92. Kati ya shaba na dhahabu kuna hatua tano tu, ndiyo maana alama moja inagombewa hivyo. Mfumo wa mhakiki wa mvinyo Mmarekani Robert Parker, nao wa 100, unaanzia 50.

Usiiabudu namba hata hivyo. Huko California, mtengenezaji mvinyo Robert Hodgson alifanya jaribio kwenye mashindano ya mvinyo ya jimbo: majaji walipewa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, bila kuambiwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba ni jaji mmoja hivi kati ya kumi aliyebaki ndani ya daraja moja la nishani. Kwa hiyo soma maneno ya jaji kabla ya alama yake. Akiandika "uchachu umepungua, mwisho mfupi", umepata kitu cha kurekebisha. Akiandika 84 pekee hujapata chochote.

Naambiwa Syrah, aina ya zabibu nyekundu, ina harufu ya pilipili manga. Mbona mimi sinusi?

Huenda huna uwezo huo, na si kosa lako. Harufu hiyo inatokana na kiini kiitwacho rotandoni, kilekile kilichomo kwenye pilipili manga yenyewe, na takriban mtu mmoja kati ya watano hakinusi hata kikiwa kingi. Andika unachokipata wewe: zambarau, iliki, moshi. Jaji mkweli huacha pengo pale pua yake inapoishia.

Mvinyo wangu una harufu mbaya. Nitajuaje kosa lilitokea wapi?

Harufu yenyewe inataja mahali.

Mayai yaliyooza ni salfidi ya hidrojeni: hamira ilikosa naitrojeni wakati wa kuchachusha. Tumbukiza kipande safi cha waya wa shaba kwenye glasi ya majaribio na utikise. Harufu ikiondoka, umepata jibu (glasi hiyo imwage).

Siki ni bakteria waliopata hewa. Sababu ya kawaida ni tangi lililoachwa nusu tupu kwenye joto. Ikija na harufu ya rangi ya kucha, ni ugonjwa uleule umekomaa, na hapo hakuna dawa. Wengine huchanganya na mvinyo mzuri ili kuficha. Wanaharibu wa pili.

Kasha lililolowa na kuota ukungu: wengi hukilaumu kizibo, na mara nyingi ni kweli. Lakini jiki ikikutana na mbao na ukungu huzaa harufu hiyohiyo, na ikishaingia kwenye pipa au paa la ghala, chupa zote zitaibeba. Msioshe mapipa kwa jiki.

Tufaa lililokatwa na kuachwa likawa la kahawia ni hewa tena, au duka lililopanga chupa dirishani kwenye jua. Kabla hujamlaumu mtengenezaji, fungua chupa nyingine iliyokaa kivulini.

Kwa nini mvinyo wa mavuno ya Machi hupata alama ndogo kuliko wa Agosti? Waonjaji wanatuonea?

Wakionja bila kujua tarehe, hawawezi kuonea. Dodoma tunavuna mara mbili, na zabibu za Machi huiva mvua ikinyesha: tunda linavimba maji, ngozi inapasuka, uozo unaingia. Mkulima kwa hofu anavuna mapema, sukari ikiwa bado chini. Briksi (kipimo cha sukari ya zabibu) 21 hutoa pombe ya asilimia 12 hivi. Ukivuna kwenye 17 hufiki hata 10, na jaji ataandika "mwepesi, majimaji" bila kukujua. Punguza majani yanayozunguka vichala ili upepo upite, chambua vilivyooza shambani kabla havijafika kreti, na mchuzi wa Machi uutengeneze kuwa mweupe. Chenin Blanc, zabibu nyeupe, huvumilia uchache wa sukari kuliko mwekundu, ambao ngozi yake haijaiva.

Kuna chenga kama vioo chini ya chupa. Nirudishe?

Ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi ya friji. Mimina polepole.