Mwandishi wa watoto kaja kutoka mbali, nimpeleke mwanangu? Majibu ya maswali yenu

Msimu wa matamasha ya fasihi ukikaribia meseji zinakuwa nyingi, na safari hii karibu zote zinahusu waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto wanaoalikwa kutoka nchi nyingine, kwa hiyo nimezikusanya nizijibu hapa moja baada ya nyingine.

Mwandishi atasoma kwa lugha ambayo mwanangu wa miaka saba haijui hata neno. Si atachoka tu?

Mpeleke, dada yangu. Kwenye matamasha mengi mwandishi anasoma kipande kifupi kwa lugha yake ili watoto waisikie inavyolia, halafu mtu mwingine, mara nyingi mwigizaji, anasoma tafsiri, na mkalimani yupo pembeni kwa ajili ya maswali. Watoto hawachoshwi na lugha ngeni kama tunavyodhani sisi wakubwa, wanachoshwa na maelezo marefu. Ila ulizia kwanza ukalimani wenyewe ni wa aina gani, manake ule wa kuvalishwa vifaa vya masikioni kwa watoto wadogo kwa kweli haufai, vinadondoka, wanabadilishana, wanavichezea na kipindi kinakwisha hivyo hivyo. Bora mwandishi aseme kidogo anyamaze, mkalimani aseme, waendelee.

Halafu usisahau kuna vitabu visivyohitaji tafsiri ya hadithi yenyewe. The Arrival cha Shaun Tan wa Australia, kilitoka 2006, kinamsimulia mtu anayehamia nchi asiyoijua na ndani yake hakuna maandishi ya kusoma, ni michoro mwanzo mwisho. Hicho ni cha wakubwa kidogo, lakini unaelewa ninachosema.

Nimeona kwenye ratiba kuna kipindi cha mchoraji peke yake, bila mwandishi. Sasa muda wote huo anafanya nini?

Hapa naomba nikae kidogo, manake hivi ndo vipindi ninavyovipenda kuliko vyote na ndo watu wanavipita wakidhani ni vya nyongeza. Mchoraji sio msaidizi wa mwandishi jamani. Kwenye kitabu cha picha nusu ya hadithi haimo kwenye maneno kabisa, maneno yanaweza kusema mtoto amelala na picha ikaonyesha miguu yake ndo inamalizikia kutoka dirishani, na anayegundua wa kwanza ni mtoto asiyejua kusoma. Hata dunia yenyewe ya vitabu ilichelewa kulikubali hili, tuzo ya vitabu vya watoto ya Hans Christian Andersen inayotolewa na IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, kila baada ya miaka miwili ilianza 1956 kwa waandishi tu, wachoraji wakasubiri mpaka 1966.

Sasa jukwaani mara nyingi anawekewa meza na kamera inayoangalia karatasi kwa juu, mkono wake unaonekana kwenye skrini kubwa, na watoto wanapiga kelele achore nini, mamba, hapana mamba mwenye miwani, hapana anaendesha baiskeli, na yeye anachora hapo hapo mbele yao bila kufuta. Wazuri zaidi wanakuja na kitabu chao cha majaribio, kile cha penseli kilichoshonwa kwa mkono kabla ya kitabu chenyewe. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, sababu kiwandani karatasi kubwa inachapwa na kukunjwa kuwa kurasa 8 au 16, kwa hiyo mchoraji lazima aigawe hadithi iingie humo, na jambo la kushtua analificha nyuma ya ukurasa wa kulia ili ulikute ukifunua. Mtoto akishaonyeshwa hilo hafunui tena kitabu kama zamani, nimeliona kwa watoto wengi na bado linanifurahisha.

Umri gani unafaa?

Fuata umri ulioandikwa kwenye ratiba, haujawekwa kama pambo. Mtoto wa miaka minne akikaa kipindi cha wa miaka kumi anateseka yeye na waliokaa jirani.

Mimi ni mwalimu, nakuja na darasa zima. Tujiandae vipi?

Mwalimu, wasomee kitabu kimoja tu cha huyo mgeni, lakini wasomee chote, na picha wazitazame taratibu. Maswali waandike wenyewe kwenye karatasi, na nakuomba sana usiyasahihishe yakawa maswali ya mtihani. Mtoto akitaka kuuliza kama mwandishi ana mbwa, aulize, mara nyingi jibu la swali kama hilo linafika kwenye kitabu. Mwenye aibu ampe mwenzake karatasi amsomee.

Kwanini mara nyingine mgeni anatangazwa halafu haji?

Wakati mwingine ni ugonjwa au ratiba, lakini kubwa linaloniuma ni viza. Mwaka 2017 Ehsan Abdollahi, mchoraji kutoka Iran, alikuwa amealikwa na tamasha la kimataifa la vitabu la Edinburgh huko Scotland, akanyimwa viza ya Uingereza, watu wakapaza sauti mpaka uamuzi ukabadilishwa akaenda. Wapo ambao hakuna anayewapazia sauti, na anayepoteza ni mtoto ambaye angekutana na michoro ya namna ambayo hajawahi kuiona. Kwahiyo waandaaji anzeni makaratasi mapema mno, na mgeni wako akikataliwa liseme wazi, usimfute kimya kimya kwenye ratiba.

Mimi ni mchoraji, sijachapishwa bado. Naalikwaje?

Ndugu yangu, matamasha huwa yanaalika wenye vitabu, kwa hiyo anzia kwenye maonesho ya biashara ya vitabu. Kubwa kwa upande wa watoto ni ya Bologna, Italia, yapo tangu 1964, na yana maonesho yao ya wachoraji ambayo hata asiyechapishwa anaruhusiwa kutuma kazi. Wanataka picha tano, na hapo ndo wengi wanakosea wanatuma picha tano nzuri zisizohusiana, wakati mhariri anataka kuona kama unaweza kumchora mhusika yule yule akiwa amekasirika, amelala, anakimbia, na bado akawa ni yeye. Ukifika mwenyewe kuna ukuta wa wachoraji wanabandika kazi zao, beba zako na ziandike jina na mawasiliano.

Foleni ya kusainiwa vitabu ni ndefu, inafaa kusubiri?

Kama ni mchoraji, subiri, wengi hawasaini tu, wanachora kitu kidogo kwenye ukurasa wa mwanzo na mtoto anaangalia kikichorwa. Mwandikie mtoto jina lake kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, mgeni hajui majina yetu yanavyoandikwa.