Panya-kangaruu nyuma ya nyumba: maji ya nini?

Ndugu, umeuliza kama umwekee maji, au umfuge kabisa, yule panya mrukaji wa Arizona mwenye mashavu yaliyotuna. Nakusihi, usifanye hata moja.

Mashavu yake si magonjwa. Ni mifuko iliyo nje ya mdomo, yenye manyoya ndani, anayobebea mbegu bila kuzilowesha kwa mate. Maji huyapata mwili unapotumia chakula cha mbegu hizo, na figo zake hutoa mkojo mzito mno. Mchana huziba mlango wa shimo kwa udongo ili unyevu usitoroke. Kiumbe wa ajabu kweli!

Ukitaka kumsaidia, zima taa za nje usiku, maana mwanga humwanika kwa bundi, naye huogopa kutoka kula. Paka alale ndani. Mchanga mkavu uache, hujigaragaza humo kusafisha manyoya. Kumfuga hapana: hupenda kuishi peke yake, na baadhi ya spishi za jamii yake zinalindwa na sheria ya Marekani.

Ukisikia vishindo vidogo ardhini, anapiga miguu ya nyuma. Huenda ameona nyoka, kwa hiyo angalia unapokanyaga.