Nyuti hahitaji hita majira ya baridi

Ukijiuliza kama nyuti wako anahitaji hita, yaani kifaa cha kupasha maji joto, wakati wa baridi, jibu ni hapana: usiiweke ndani ya tangi lake, kwa kuwa nyuti ni salamanda wadogo (amfibia wenye mkia, wenye umbo kama la mjusi) waliozoea maji baridi, na wengi wanaofugwa hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, ilhali joto linalozidi 24 huwadhuru upesi kuliko ubaridi. Nimewafuga kwa miaka kadhaa, na kila maji yanapokaribia nyuzi 10 wao hupunguza mwendo na kula kidogo sana. Hiyo si dalili ya ugonjwa, kwa hiyo wape chakula kidogo na uondoe mabaki kabla hayajaoza. Hata hivyo, nyuti aliyekonda au anayeumwa asiachwe kwenye ubaridi wa namna hiyo, na maji yasiachwe yakaganda.